Ruhusa ya kuandika kwenye kizigeu katika Linux

Ruhusa ya kuandika kwenye kizigeu ni haki anayopewa mtumiaji wa Linux, au programu anayoiendesha, ya kuunda, kubadilisha na kufuta mafaili yaliyomo kwenye sehemu fulani ya diski. Haki hiyo ikikosekana, mtumiaji huyaona mafaili yake yote, huyafungua na kuyasoma, lakini kila akijaribu kuhifadhi kitu hukataliwa. Hali hii hutokea zaidi baada ya kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta, baada ya kusakinisha Linux pembeni mwa Windows, au diski inapohamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Kwa macho tatizo ni moja, lakini chanzo chake kinaweza kuwa kimojawapo kati ya vitatu, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Kizigeu kinaweza kuwa kimefunguliwa kwa kusoma tu. Kinaweza kuwa na mfumo wa mafaili unaotunza kumbukumbu ya wamiliki, na mmiliki akawa mtu mwingine. Au kinaweza kuwa na mfumo wa mafaili usiowajua wamiliki wa Linux, hivyo Linux ikalazimika kumteua mmiliki yenyewe wakati wa kukifungua. Amri inayosambazwa sana kama dawa ya yote, chmod -R 777, haigusi chanzo cha kwanza wala cha tatu, na kwa cha pili mara nyingi huleta madhara kuliko tatizo lenyewe.

Kizigeu na kupachika

Kama chumba kinavyogawanywa kwa vizigeu, diski moja inaweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kila moja ikiwa na mfumo wake wa mafaili. Sehemu hizo ndizo zinazoitwa vizigeu. Windows huzipa herufi, kama C: na D:. Linux inafuata desturi ya Unix, mfumo uliobuniwa katika maabara za Bell Labs nchini Marekani kuanzia mwaka 1969, nayo haitumii herufi bali mti mmoja wa mafolda unaoanzia kwenye alama ya /. Ili kizigeu kionekane ni lazima kipachikwe kwenye folda mojawapo ya mti huo, kwa mfano /mnt/data au /media/asha/PICHA. Kukitoa ni kupachua. Amri ya kupachika ni mount, na ya kupachua ni umount, ambayo huandikwa bila herufi n baada ya u. Wengi hukwama hapo kwa mara ya kwanza.

Jambo linalosahaulika ni hili: folda ya kupachikia ina mmiliki na ruhusa zake kabla ya kupachika, lakini kizigeu kikishapachikwa folda hiyo hufunikwa. Kinachoonekana mahali pake ni folda ya juu kabisa ya kizigeu chenyewe, ikiwa na mmiliki wake na ruhusa zake. Kwa hiyo mtu anayeunda /mnt/data, akajimilikisha, kisha akapachika diski juu yake, amefanya kazi bure. Umiliki alioubadilisha umelala chini ya kifuniko na utaonekana tena siku atakayopachua. Mabadiliko yafanywe baada ya kupachika.

Ruhusa zenyewe ni za aina tatu: kusoma (r, yenye thamani 4), kuandika (w, yenye thamani 2) na kutekeleza (x, yenye thamani 1). Hujumlishwa mara tatu, kwa mmiliki, kwa kikundi na kwa watu wengine wote, ndiyo maana 755 humaanisha kwamba mmiliki anaweza kila kitu na waliobaki wanaweza kusoma na kuingia tu. Kwa folda, ruhusa ya kuandika ina maana ya kuongeza, kubadili majina na kufuta vilivyomo, na haifanyi kazi bila x. Kutokana na hilo mtu anaweza kufuta faili lisilo lake ikiwa folda ni yake, na anaweza kushindwa kuunda faili jipya mahali ambapo mafaili yote mengine ni yake.

Kutambua chanzo

Hatua ya kwanza ni kusoma ujumbe unaotolewa, kwa sababu kerneli ya Linux hutofautisha aina za kukataa. Ujumbe wa "Permission denied" maana yake ni kwamba kizigeu kinakubali kuandikwa, ila si na mtumiaji huyu. Ujumbe wa "Read-only file system" maana yake ni kwamba kizigeu kizima kimefungwa kisiandikwe na yeyote, hata root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. "Operation not permitted" huonekana mara nyingi pale mtu anapojaribu kubadilisha mmiliki kwenye mfumo wa mafaili usiotunza wamiliki. Na "No space left on device" si suala la ruhusa hata kidogo, ingawa hufanana nalo: kwa kawaida ext4 humtengea root asilimia 5 ya nafasi, kwa hiyo kwenye diski ya GB 1000 mtumiaji wa kawaida huambiwa imejaa wakati root bado ana karibu GB 50.

Programu za madirisha huficha ujumbe huo nyuma ya kitufe kilichofifia au menyu isiyobonyezeka. Ni afadhali kujaribu kwenye terminali:

touch /mnt/data/jaribio

Baada ya hapo amri tatu hutosha kuonyesha chanzo:

findmnt -T /mnt/data
ls -ld /mnt/data
id

Ya kwanza huonyesha aina ya mfumo wa mafaili na machaguo yaliyotumika kupachika. Yakianza na ro, kizigeu ni cha kusoma tu. Yakianza na rw, kinaandikika. Pia husaidia kugundua jambo lingine linalotokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, kwamba diski haijapachikwa kabisa na mtumiaji anahangaika na folda tupu ya diski kuu. Ya pili huonyesha mmiliki, kikundi na ruhusa za folda ya juu ya kizigeu. Ya tatu huonyesha namba ya mtumiaji mwenyewe na vikundi alivyomo.

Mifumo inayotunza wamiliki

Mifumo ya mafaili iliyozaliwa katika ulimwengu wa Unix na Linux, kama ext4, XFS na Btrfs, huandika mmiliki na ruhusa za kila faili kwenye diski yenyewe. Kizigeu kipya cha ext4 kinapotengenezwa kwa mamlaka ya root, folda yake ya juu huwa mali ya root ikiwa na ruhusa 755. Hakuna kilichoharibika hapo. Diski mpya inasubiri tu kukabidhiwa mwenyewe:

sudo chown asha:asha /mnt/data

Amri hiyo hutolewa mara moja. Kwa kuwa umiliki umeandikwa kwenye diski, utabaki hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Chaguo la -R, linalobadilisha kila kilichomo ndani, halihitajiki kwa diski tupu. Kwa diski yenye mafaili ya zamani linaweza kutumika, mradi njia ya folda imesomwa mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza: nafasi moja iliyopotea kati ya / na mnt huigeuza amri hiyo kuwa agizo la kubadilisha mmiliki wa mfumo mzima. Folda iitwayo lost+found, inayokutwa kwenye kila kizigeu cha ext4, ni ya root na iachwe hivyo.

Diski inapotumiwa na watu kadhaa, kama kompyuta moja ya familia au ya ofisi ndogo, kumfanya mtu mmoja kuwa mmiliki hakutoshi. Njia ya kawaida ni kuunda kikundi:

sudo groupadd familia
sudo usermod -aG familia asha
sudo usermod -aG familia juma
sudo chgrp familia /mnt/data
sudo chmod 2775 /mnt/data

Tarakimu 2 iliyo mwanzoni hufanya kila faili jipya lirithi kikundi cha familia badala ya kikundi cha aliyeliunda. Herufi a katika -aG isisahauliwe, kwani bila hiyo mtumiaji huondolewa kwenye vikundi vyake vingine vya ziada, kikiwemo kile kinachompa haki ya kutumia sudo. Uanachama mpya huanza kufanya kazi mtumiaji akitoka na kuingia tena. Wengi hudhani amri imeshindwa, kumbe bado wako kwenye kikao cha zamani.

Hata hivyo bado kuna kikwazo. Ikiwa umask ya mfumo ni 022, faili atakaloliunda Asha litaandikika na Asha peke yake, na Juma atalisoma tu. Tatizo hili humalizwa kwa orodha ya ruhusa za msingi inayorithiwa na kila kitakachoundwa ndani ya folda:

sudo setfacl -d -m g:familia:rwX /mnt/data

Namba, si majina

Kilichoandikwa kwenye diski ya ext4 si jina la mtu bali namba yake. Jina la asha halimo kwenye diski. Iliyomo ni 1000, na ni kompyuta husika inayotafsiri namba hiyo kuwa jina kwa kusoma faili la /etc/passwd. Debian, Ubuntu, Fedora na usambazaji mwingine mwingi wa Linux humpa mtumiaji wa kwanza wa kawaida namba 1000. Mifumo ya zamani ya Red Hat, hadi toleo la 6 la Red Hat Enterprise Linux, ilianzia 500.

Matokeo yake huwashangaza watu. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya Asha ikachomekwa kwenye ya Juma huonekana kuwa mali ya Juma tangu zamani, kwa kuwa wote wawili ni 1000 katika kompyuta zao. Juma akiwa ni mtumiaji wa pili, yaani 1001, mafaili yaleyale humkatalia. Na diski iliyotoka kwenye seva ya zamani inaweza kuonyesha namba 500 tupu pale panapotakiwa jina, kwa kuwa hakuna mtumiaji mwenye namba hiyo. Katika hali hizi chown hufanya kazi, lakini diski itakaporudi ilikotoka tatizo litahamia upande wa pili. Kwa diski inayosafiri kila wiki ni rahisi zaidi kulinganisha namba za watumiaji kwenye kompyuta zote mbili. Tangu toleo la 5.12 la mwaka 2021, kerneli ya Linux inaweza pia kupachika kizigeu huku ikitafsiri namba za wamiliki bila kugusa kilichoandikwa kwenye diski, ingawa njia hiyo hutumika zaidi kwenye seva.

Hapa panaonekana pia mpaka wa ulinzi unaotolewa na ruhusa. Zinawazuia watumiaji wa mfumo uliowaka, si mtu aliyebeba diski mfukoni, maana yeye ni root kwenye kompyuta yake. Anayehofia diski kuibwa anahitaji usimbaji fiche, kama ule wa LUKS.

FAT, exFAT na NTFS

Flashi, kadi za memori na diski nyingi za nje huuzwa zikiwa na mifumo ya mafaili iliyotoka Microsoft: FAT32 iliyoanza mwaka 1996, NTFS iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, au exFAT ya mwaka 2006. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kuandika mmiliki. NTFS inapo, lakini humtambulisha mmiliki kwa vitambulisho virefu vya Windows ambavyo Linux haina watumiaji wanaolingana navyo. Kwa hiyo Linux humteua mmiliki mmoja na ruhusa za aina moja kwa kila kitu kilichomo, na hufanya hivyo wakati wa kupachika. Amri ya chown baada ya hapo hukataliwa. Chmod mara nyingi hupita kimya na hakuna kinachobadilika, jambo linalochosha zaidi kuliko kukataliwa waziwazi.

Anayechaguliwa, kwa vizigeu vya FAT na exFAT, ni aliyetoa amri ya kupachika. Hiki ndicho kiini cha fumbo la flashi inayoandikika vizuri ikifunguliwa kwa kubofya, lakini haiandikiki ikipachikwa kwa mkono. Mtu anapobofya, huduma ya udisks hupachika kwa niaba yake na kumwandika yeye kama mmiliki. Anapotumia sudo mount, aliyetoa amri ni root, na flashi nzima inakuwa ya root. Dawa ni kupachua na kupachika upya huku akitajwa mmiliki:

sudo umount /mnt/data
sudo mount -o uid=1000,gid=1000,fmask=133,dmask=022 /dev/sdb1 /mnt/data

Namba za fmask na dmask hutaja ruhusa zinazoondolewa, si zinazotolewa. Hivyo fmask=133 huacha mafaili na 644, na dmask=022 huacha mafolda na 755. Anayeandika umask=777 akidhani anafungua kila kitu, amefunga kila kitu.

NTFS ina historia yake. Dreva ya kwanza iliyokuwa ndani ya kerneli ilifaa kwa kusoma, na uandishi wake ulikuwa na mipaka mikubwa. Mwaka 2007 lilitoka toleo la kwanza imara la NTFS-3G, programu inayofanya kazi nje ya kerneli na inayoandika kikamilifu. Isipoelezwa vingine, NTFS-3G huonyesha kila faili likiwa la root lakini lenye ruhusa 777, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida huandika bila shida. Mwishoni mwa mwaka 2021, kerneli 5.15 ilipokea dreva mpya iitwayo ntfs3, iliyotolewa na kampuni ya Paragon Software. Hii ina kasi zaidi, lakini kwa kawaida hufuata umask ya aliyepachika. Mtu aliyebadilisha neno ntfs-3g kuwa ntfs3 kwenye mipangilio yake bila kuongeza uid anaweza kukuta folda aliyoiandikia kwa miaka imekuwa ya root peke yake.

Kupachika kwa kudumu

Machaguo yaliyotolewa kwa amri ya mount hupotea kompyuta ikizimwa. Ili yadumu huandikwa kwenye faili la /etc/fstab, mstari mmoja kwa kila kizigeu:

UUID=5C2A-91F7 /mnt/data exfat uid=1000,gid=1000,umask=022,nofail 0 0

Kitambulisho cha UUID hupatikana kwa amri ya lsblk -f. Kukitumia ni salama kuliko jina kama /dev/sdb1, ambalo linaweza kubadilika flashi nyingine ikiwa imechomekwa wakati wa kuwasha.

Makosa mawili hurudiwa sana katika mistari hii. La kwanza ni kuweka uid na gid kwenye mstari wa ext4. Mfumo huo haulitambui chaguo hilo na hukataa kupachikwa kabisa. Kwa ext4 suluhisho ni chown, kama ilivyoelezwa hapo juu. La pili ni kudhani kwamba neno user au rw hutoa ruhusa ya kuandika. Neno user humruhusu mtumiaji wa kawaida kupachika kizigeu hicho, na hapohapo huzuia programu zilizomo zisiendeshwe. Neno rw husema tu kwamba kizigeu hakikufungwa. Hakuna hata moja linalobadilisha mmiliki.

Faili hili linastahili tahadhari kwa sababu husomwa kila kompyuta inapowaka. Mstari ulioharibika, au diski ya nje iliyoachwa nyumbani, unaweza kuifanya kompyuta isubiri sekunde 90 kisha isimame kwenye hali ya dharura ikidai nenosiri la root. Neno nofail huzuia hilo kwa diski isiyo ya lazima. Kabla ya kuzima na kuwasha, mstari hujaribiwa hivi:

sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a

Kizigeu kilichofungwa kisiandikwe

Iwapo findmnt inaonyesha ro, suala si mmiliki, na chown na chmod hazina kazi. Kuna mtu, kifaa au kerneli yenyewe iliyoamua kwamba kuandika ni hatari, na sababu itafutwe kwanza:

sudo dmesg | tail -n 40

Kwa kompyuta zenye Windows na Linux pamoja, sababu ya kawaida ni Windows ambayo haikuzimwa kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu wa kuwaka haraka uitwao Fast Startup: mtumiaji anapochagua kuzima, sehemu ya kumbukumbu ya mfumo huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kompyuta hulala badala ya kufa. Windows itakapoamka itaendelea na picha ya diski iliyokuwa nayo kichwani. Linux ikiwa imeandika katikati ya muda huo, picha hiyo haitalingana na diski halisi, na Windows inaweza kuandika juu ya mafaili mapya au kuvuruga orodha nzima ya mafaili. Ndiyo maana NTFS-3G hukubali kusoma tu kizigeu cha Windows iliyolala, na ntfs3 hukataa kizigeu chenye alama ya kutofungwa vizuri.

Dawa hutolewa upande wa Windows. Kuiwasha upya kwa Restart huizima kikamilifu. Kwa kudumu, Fast Startup huondolewa kwenye mipangilio ya umeme, au kwa amri ifuatayo ndani ya Windows, ikitolewa na msimamizi:

powercfg /h off

Chaguo la remove_hiberfile la NTFS-3G hufuta kumbukumbu ya usingizi kwa nguvu, na kazi yoyote iliyokuwa wazi bila kuhifadhiwa hupotea nayo. Amri ya ntfsfix hurekebisha kasoro chache na kuondoa alama ya hitilafu, lakini haifanyi ukaguzi wa chkdsk. Kuondoa alama bila kukagua ni sawa na kuzima taa ya onyo la gari na kuendelea na safari.

Kwa ext4 hali ni nyingine. Debian huweka kwenye kizigeu kikuu chaguo la errors=remount-ro, linaloifanya kerneli ikifunge mara inapogundua hitilafu katika mfumo wa mafaili. Mtumiaji anayekimbilia mount -o remount,rw ili aendelee na kazi anaiambia kompyuta iandike juu ya kitu ambacho imekwishatambua kuwa kimevurugika. Mpangilio wenye busara ni kunakili kwanza data isiyo na nakala nyingine, maana kusoma bado kunawezekana na huenda kesho kusiwezekane. Kuangalia afya ya diski kwa smartctl -a. Kisha kupachua na kukagua kwa fsck. Amri ya fsck haitolewi kwa kizigeu kilichopachikwa. Kizigeu kikuu hukaguliwa kompyuta inapowaka, au kwa kuwasha kutoka kwenye flashi ya usakinishaji.

Vyanzo vingine ni vya kifaa. Kadi za SD za ukubwa kamili, na adapta za kadi ndogo, zina kitelezo ubavuni kinachozuia kuandika, na huweza kusogea kadi inapochomekwa. Baadhi ya flashi hujifunga zenyewe moja kwa moja chembe za kumbukumbu zinapochakaa. Hizo haziponi kwa amri yoyote, na kilichobaki ni kuokoa yaliyomo. CD na mafaili ya ISO huwa ya kusoma tu kwa asili.

Madhara ya chmod -R 777

Amri hii huwapa watumiaji wote na programu zote haki ya kusoma, kuandika na kutekeleza kila faili lililomo kwenye folda iliyotajwa. Kwenye diski ya muziki madhara ni madogo. Kwenye folda ya mtumiaji, SSH hukataa kutumia ufunguo wa siri kwa sababu unasomeka na kila mtu. Kwenye seva ya tovuti, programu moja iliyovamiwa hupata uwezo wa kubadilisha kurasa za nyingine zote. Ikielekezwa kwa bahati mbaya kwenye /, huondoa alama maalumu inayoiwezesha sudo kufanya kazi, na kuanzia hapo hata amri ya kurekebisha kosa haiwezi kutolewa. Hakuna amri ya kuirudisha nyuma, kwa kuwa ruhusa za awali hazikuhifadhiwa popote. Wengi huishia kusakinisha mfumo upya.

Pale ambapo kila mtu anahitaji kuandika kwenye folda moja, kama sehemu ya kubadilishana mafaili, 1777 ni bora kuliko 777. Tarakimu 1 humzuia mtu asifute faili la mwenzake, na ndiyo ruhusa ya folda ya /tmp.

Vizuizi vingine

Mara chache mmiliki ni sahihi, kizigeu ni rw, na bado kuandika kunakataliwa. Faili moja likigoma, hata kwa root, huenda limewekewa alama ya kutobadilishwa, inayoonekana kwa lsattr na kuondolewa kwa chattr -i. Kwenye Fedora na jamaa zake, SELinux inaweza kuizuia huduma kama seva ya tovuti isiandike kwenye diski mpya isiyo na lebo inayofaa, hata kama ruhusa za kawaida zinakubali. Kukataa huko hurekodiwa na kuonekana kwa ausearch -m avc. Na programu zilizosakinishwa kwa Snap huishi ndani ya uzio wao. Kicheza video cha namna hiyo kinaweza kutoiona kabisa diski ambayo mwenye kompyuta anaiandikia bila tatizo, mpaka kipewe kibali, kwa mfano:

sudo snap connect vlc:removable-media